Mahindi ya Makaburini

Msamala,
Songea.
11 Februari 2025

Mpendwa Kaka Henry,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Mwanza, wewe na wifi na watoto, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa Krismasi sasa linakuruhusu kupanda ngazi. Huku mimi ni mzima, Kajetani naye mzima ingawa pumu ilimbana kidogo mvua zilipokolea. Watoto hawajambo. Mvua za mwaka huu zimekuwa za haki, mahindi yameshatoa mbelewele na kila mtu anatabiri mavuno. Mgonjwa wetu ni Baba tu, na hilo unalijua.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Basi Pamela wangu anarudi chuoni huko kwenu, anaondoka kesho alfajiri kwa basi, nami nimemwambia akukabidhi hii mkononi na asubiri uisome mbele yake. Usimfukuze. Mpe chai, atakuwa amechoka na safari.

Simu nilikupigia. Mara ya kwanza ulikuwa kwenye kikao. Mara ya pili ukasema wazee waamue, wewe utakubaliana nao. Tangu hapo inaita mpaka inachoka yenyewe. Sikulaumu sana, nakulaumu kidogo. Ulikuwa hivyo tangu utotoni: Mama akiuliza nani kavunja chungu, wewe ghafla unakumbuka kwamba ndoo haina maji, unatoka mbio kwenda mtoni.

Hali ya Baba ni hii. Tangu kiharusi kile cha Januari, upande wa kulia haufanyi kazi na kauli haijarudi. Lakini anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Hospitali walisema wamefanya yao, tukae naye nyumbani. Nimemlaza chumbani kwa Pamela. Ukutani mle kuna picha ya Bikira Maria, nikataka kuiondoa kwa heshima yake, maana mwinjilisti wa Kilutheri kulala miaka yote bila sanamu halafu azeekee chini ya Mama Maria nilidhani ni kumkosea. Akatikisa kichwa niiache. Nadhani hata alicheka, upande mmoja wa mdomo.

Alhamisi iliyopita Baba mdogo Nehemia alikuja kutoka Ilembula na wazee wawili wa ukoo. Walikaa kitandani pake, wakaomba vizuri kwa Kibena, wakamwimbia. Kisha Baba mdogo akamshika mkono akamwambia, "Kaka, tulia sasa. Jumamosi ya tarehe kumi na tano tunakuja na gari kukuchukua. Utapumzika nyumbani, na siku yako ikifika utalala kando ya shemeji." Alisema kwa upendo, siwezi kumsingizia. Baba akafumba macho. Na tangu dakika ile akafumba na mdomo. Uji hataki, mtori hataki, maziwa hataki. Ukimlazimisha anauma meno. Ni maji kidogo tu ya kulowesha ulimi.

Niliwafuata wazee nje, kwenye kibaraza, nikamweleza Baba mdogo kwamba Baba alishasema anataka kuzikwa hapa Songea. Hakunikasirikia, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Aliniambia, "Mwanangu Frida, wewe uliolewa, tena umeolewa kwa Waroma. Haya ni mambo ya ukoo, na ni ya kanisa ambalo wewe ulishalitoka. Henry ndiye mkubwa. Henry akisema kaka azikwe huku, sina neno. Wewe hapana." Akanywa chai yangu, akanishukuru, wakaondoka.

Kwa hiyo Kaka, jambo ninalokuandikia ni moja tu. Neno lako. Sentensi moja, kwenye simu, kwa Baba mdogo, kabla ya Jumamosi.

Lakini najua utajiuliza mzee kapata wapi wazo hili, na kwa nini asilale kwao kama watu wengine. Wewe uliondoka hapa ukiwa na ndevu za kwanza, mengi hukuyaona. Ngoja nikueleze, na univumilie kama narukaruka.

Tulipoletwa Songea mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama, na wewe unakumbuka zaidi yangu. Walutheri wa hapa walikuwa akina nani? Mwalimu Mchaga, askari Mnyakyusa, bwana misitu Mbena, karani wa posta Mpare. Wageni watupu, wameletwa na barua za uhamisho katika mji ambao kila kengele inayolia ni ya Wakatoliki. Baba alitumwa awachunge watu ambao masanduku yao hayakufunguliwa hata siku moja. Tulisali darasani, tukiwa tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Baadaye tukajenga kale kakanisa unakokajua, na kusema kweli Waroma walitusaidia sana. Padre mmoja mzee alitupa mbao za paa, na mafundi wake walipiga kenchi bila kututania hata mara moja, jambo ambalo kwa Wangoni ni sadaka kubwa kuliko mbao.

Hatukuwahi kuwa wengi na hatukuwahi kukua. Mwalimu akistaafu, tunampoteza kwa lori la vyombo. Binti akipata mchumba, mchumba ni Mkatoliki, maana wengine watoke wapi? Kila harusi inatupunguza. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliopungua. Baba alinisindikiza hadi ndani ya kanisa lao, akaketi benchi la mbele, na watu walipopiga magoti yeye akabaki ameketi wima, amevaa lile koti lake la kijivu. Hajawahi kunilaumu. Alinitania tu kwamba nimehamia kwa jirani mwenye nyumba kubwa.

Na wafu, Kaka. Hapo ndipo penyewe. Mchaga akifa anapelekwa Moshi. Mnyakyusa anapelekwa Tukuyu. Wabena ndio usiseme, kwetu ni karibu, gari linaondoka asubuhi jioni limefika. Na wale Wangoni wachache waliojiunga nasi, wakifa, ndugu zao wanakuja kwa adabu na kuwachukua wakazikwe na babu zao, kwa misa. Usharika una miaka yote hiyo na hauna kaburi hata moja hapa mjini.

Kazi yetu ilikuwa kusindikiza. Unakumbuka? Tunaimba nyumbani kwa marehemu, kisha usharika mzima unatembea nyuma ya gari mpaka nyumba za mwisho za barabara ya Njombe. Pale gari linasimama, Baba anaweka mkono juu ya bodi, anatoa baraka, gari linaondoka, nasi tunageuka na kurudi mjini tukiwa na vumbi miguuni. Baba amekuwa mwinjilisti wa hapa maisha yake yote na hajawahi kutamka maneno ya kutupa udongo. Kitabu chake cha ibada kimechakaa mpaka nyuzi zinaonekana, lakini ukifungua kurasa za kaburini ni safi, zinanukia duka.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Zamani, wewe ukiwa umeshaondoka, wazee wa kanisa waliomba kipande chao cha makaburi, na Halmashauri ikawapa, kule juu, pembeni ya makaburi ya Waroma. Kipande kizuri, udongo mwekundu. Wakaweka vigingi. Wakasubiri. Mwaka wa kwanza hakufa mtu. Mwaka wa pili akafa mmoja, akapelekwa Mbeya. Majani yakaota, Halmashauri ikalalamika kuhusu nyoka, na akina mama wa usharika wakaona ni aibu ardhi nzuri vile kukaa bure. Wakapanda mahindi. Tangu wakati ule wanalima kila mwaka, na mavuno ndiyo yanayolisha kwaya na wageni wa semina. Mji mzima unajua. Wakipita na magunia, watu wa sokoni wanauliza, "Walutheri, mnakula makaburi yenu?" Mama Judica, yule mwalimu mstaafu wa Kipare ambaye sasa ni mzee wa kanisa, huwa anawajibu, "Ninyi yenu mmeyajaza mno, hayana rutuba."

Tulicheka miaka mingi. Baba alicheka pia, na ugali wa mahindi yale alikula. Nadhani alianza kuacha kucheka baada ya Mama kufariki na sisi kumpeleka Ilembula.

Siku iliyombadilisha naijua, kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa siku ya marehemu wote, Novemba iliyopita. Siku hiyo Songea yote inahamia makaburini, na majembe, maua, mishumaa, watoto, maandazi. Ukibaki nyumbani unasikia ukimya mitaani. Mama Lidwina, jirani yetu Mngoni, alikuwa anatoka na jembe kwenda kusafisha kaburi la mumewe. Baba alikuwa ameketi nje peke yake. Akainuka, akachukua jembe lake, akamfuata. Mama Lidwina akamwambia, "Baba Henry, na wewe unakwenda kumlimia nani huko?" Baba akamjibu, "Nitakusaidia wako, mimi sina."

Nilikwenda nao. Alilima kaburi la mtu ambaye maishani walikuwa wakibishana kila jioni kuhusu Papa. Alilima mpaka jasho likalowesha kofia. Halafu akasimama akatazama ng'ambo ya vigingi, kwenye mabua makavu ya mahindi yetu. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Frida, mtu akiuliza kama Walutheri waliwahi kuishi mji huu, utamwonyesha nini? Mimi mnizike pale. Niwe wa kwanza. Wa pili hatakuwa na shida."

Nikamuuliza, "Na Mama?" Hakukasirika. Alisema, "Mama yenu aliomba kwao, nikampeleka. Mimi ninaomba kwangu."

Jumapili iliyofuata alilisema kanisani, wakati wa matangazo, baada ya habari za mkeka wa madhabahuni. Akina mama wakamuuliza basi mwaka huu wasilime? Akawaambia, "Pandeni tu, mimi si wa kesho." Watu wakacheka. Wakapanda kipande chote. Ujumbe kwa ukoo hakuupeleka, alidhani ana muda. Kisha Desemba akaja mtu wa Halmashauri akasema kipande kisipotumika kwa kazi kilichoombewa mpaka mwaka wa fedha uishe, kinaunganishwa na makaburi ya mji. Yule hakuwa mkorofi. Alisema hata yeye angefanyaje, maana kwenye ramani ni makaburi na akifika anakuta shamba.

Januari Baba akaanguka.

Sasa kila mtu ananionea huruma na hakuna anayeweza kitu. Nilimwendea Mchungaji Remmy, huyu kijana aliyehamia mwaka jana. Ana moyo mzuri. Aliomba nami, kisha akasema kanisa haliwezi kuingilia uamuzi wa ukoo, na yeye mwenyewe ameshawaambia ndugu zake akifa arudishwe kwao Makete. Nikamshukuru kwa maombi, nikaondoka. Mama Judica yeye alikwenda shambani akafyeka mahindi ya kona moja, mabichi, na mbelewele zake, akapasafisha. Watu wakanong'ona kwamba ni uchuro kumfyekea kaburi mtu anayepumua. Akasitasita, na sasa ile kona imebaki wazi katikati ya mahindi yanayozidi kurefuka, na hakuna anayetaka kupita karibu. Naye Mama Judica, nikimbana, anakiri kwamba wanawe wameshanunua eneo la kumzika Same.

Kajetani nilimwomba azungumze na Baba mdogo kiume. Alikataa kwa upole. "Mimi mkwe, tena Mkatoliki," alisema. "Nikifungua mdomo watasema Waroma wanataka kumnyang'anya mzee wao." Nami nikaona ana haki. Kila ninayemgusa ana haki, Kaka, na hilo linanichosha kuliko kama wangekuwa wabaya.

Na Baba mdogo naye ana haki. Wewe na mimi ndio tulioshika jeneza la Mama. Kaburi lake kule lina nafasi pembeni, liliachwa kwa makusudi, na saruji ilimwagwa upande mmoja tu. Baba akilala huku, Mama atabaki na ile nafasi tupu milele, na kila tutakapokwenda kumtembelea tutaiona. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma. Sijui jibu lake. Najua tu kwamba mmoja wao aliulizwa na akasikilizwa, na huyu wa pili hawezi tena kuulizwa wala kusema.

Mama Lidwina anakuja kila asubuhi na rozari yake. Anakaa chini, mkekani, anasali kimoyomoyo ili asimkere. Juzi aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, wakimpeleka huko, mimi Novemba nitamlimia nani?" Nilikwenda jikoni nikajifanya naangalia maharage.

Usidhani nakuandikia kukushtaki. Najua una kazi, najua nauli na ruhusa, na najua kwamba kwako Songea ni mahali tulipopita tu, Baba alipokuwa kazini. Kwako nyumbani ni Ilembula hata kama hukuishi kule. Wanaume wa kwetu mko hivyo wote. Lakini Baba alikuwa hapa kila siku ya maisha yake ya ukubwani, na alizisindikiza maiti za watu wote mpaka mwisho wa lami, na anaogopa kuwekwa kwenye gari lile lile. Anaogopa, Kaka. Sijawahi kumwona anaogopa.

Nisalimie wifi, mwambie vile vitenge vilifika na nimeshona kimoja. Nisalimie Calvin na dada yake, waambie shangazi yao bado anawakumbuka walivyomaliza karanga zangu zote. Msalimu na Bwana Bashiru jirani yenu, aliyetupokea kituoni mwaka ule. Kajetani anakusalimu sana. Mama Lidwina anasema umletee picha yako, anataka kuona kama umenenepa.

Nilitaka kuishia hapo. Nimekaa na kalamu na naona siwezi, kwa sababu kuna jambo nimelizungusha barua nzima.

Jana mchana nilikaa na Baba nikiwa na kikombe cha uji. Alikuwa hajameza kitu cha maana tangu Alhamisi. Macho yameingia ndani, ngozi ya shingo imelegea. Niliweka kijiko mdomoni, akabana meno. Nikamwomba kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kibena changu kibovu, akageuza uso ukutani. Ndipo nikasikia sauti yangu inasema, "Baba, Henry amepiga simu. Amekubali. Amesema utazikwa hapa, na yeye mwenyewe atakuja kutupa udongo."

Akageuka akanitazama. Alinitazama sana, Kaka, nikadhani ameujua uongo. Kisha ule mkono wake mzima ukanishika kiganja, na akafungua mdomo. Alikunywa kikombe chote. Leo asubuhi amekunywa tena, na mchana amekula viazi vilivyopondwa. Mama Judica amekuja akamwona, akafurahi, amekwenda kuwatangazia akina mama kwamba mzee amepata nafuu na Jumapili watoe shukrani. Mimi nimenyamaza.

Kama unakubali, mpigie Baba mdogo kabla gari halijaondoka Ilembula, na nitakuwa sikusema uongo. Kama hukubali, panda basi wewe mwenyewe, uje ukae hapa kitandani, umwambie. Usinitume mimi. Kwa sababu kila nikiingia chumbani sasa anatazama nyuma yangu mlangoni, kuona kama umefika.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe ujasiri wa kusema neno moja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipopokea simu,

Frida